Msamaha wa Chanjo ni Haki ya Mtoto Mgonjwa, Usigeuzwe Mlango wa Nyuma

Cheti cha daktari kinachoiambia shule kwamba mtoto asipewe chanjo yoyote, maisha yake yote, kinapaswa kumshtua kila anayejua chanjo zinavyotengenezwa. Chanjo ambazo shule za Marekani zinadai kabla ya kumpokea mtoto hazifanani. Ile ya surua, matubwitubwi na rubela ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na ya tetekuwanga vilevile. Ya polio inayotumika nchini humo tangu mwaka 2000 ni ya sindano, na virusi vyake vimekwisha kuuawa. Za dondakoo na pepopunda hutokana na sumu ya bakteria iliyoondolewa makali, ya kifaduro hutokana na vipande vya bakteria, na ya homa ya ini B ni protini moja tu ya kirusi. Maradhi yanayomzuia mtoto asipewe ile ya kwanza mara nyingi hayana uhusiano wowote na hizo nyingine. Daktari anayezifuta zote kwa mkupuo mmoja, bila sababu wala tarehe ya mwisho, kwa kawaida hakumpima mtoto aliyekuwa mbele yake.

Naandika haya nikiunga mkono msamaha wa kitabibu kwa moyo wote. Majimbo yote 50 ya Marekani yanautambua, na yanafanya vyema. Wako watoto ambao virusi hai vya chanjo, vilivyo salama kabisa kwa wenzao wa dawati moja, vinaweza kuwaua. Hoja yangu ni kwamba msamaha huu una mwenyewe, naye ni mtoto huyo. Kila cheti anachopewa asiyestahili kinapunguza idadi ya wenzake waliochanjwa, na hao ndio kinga aliyobakiwa nayo. Masharti makali ya kuutoa yamewekwa kwa ajili yake, na wanaoyapinga kwa jina la huruma wanamsahau yeye kwanza.

Tuanze na wanaostahili, maana mjadala wa umma huwapita mbio. Mwongozo unaofuatwa nchini humo hutoka kwa kamati ya wataalamu inayoishauri CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, kuhusu chanjo, inayojulikana kama ACIP. Mwongozo huo hutenganisha kizuizi na tahadhari. Kizuizi ni hali ambayo chanjo husika haipaswi kutolewa. Tahadhari ni hali ambayo kwa kawaida chanjo huahirishwa, lakini daktari anaweza kuamua kuitoa akiona faida inazidi hatari, kwa mfano mlipuko ukiwa umefika mtaani. Cheti kizuri husema ni kipi kati ya hivyo viwili.

Kwa chanjo ya surua, kizuizi kikubwa ni kinga ya mwili iliyoporomoka. Hapa wamo watoto wenye saratani ya damu wanaotumia dawa kali za saratani. Hao husubiri angalau miezi mitatu baada ya matibabu kwisha. Aliyepandikizwa uboho husubiri angalau miaka miwili, na bado daktari wake athibitishe kwamba kinga imerejea. Wamo waliozaliwa na upungufu mkubwa wa kinga, ambao kwao kizuizi huwa cha maisha. Wamo wanaoishi na VVU ambao kinga yao imeshuka sana. Mtoto wa miaka mitano au chini ya hapo ambaye chembe zake za CD4, yaani chembe za kinga zinazoshambuliwa na VVU, zimekuwa asilimia 15 au zaidi kwa miezi sita mfululizo anaweza kuchanjwa, na anapaswa kuchanjwa. Anayetumia prednisoni, dawa inayopunguza nguvu ya kinga, kwa wingi, yaani miligramu 20 au zaidi kwa siku, au miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa siku 14 au zaidi, husubiri angalau mwezi mmoja baada ya kuacha. Dawa ya pumu ya kuvuta haingii hapo. Vidonge vya siku tano navyo havimpi mtoto msamaha.

Kuna kundi jingine ambalo hata baadhi ya madaktari huliandika vibaya: watoto waliopewa damu au mazao ya damu. Aliyeongezewa chembe nyekundu za kawaida husubiri miezi sita kabla ya chanjo ya surua. Aliyepewa utegili wa damu (plazma) husubiri miezi saba. Aliyepewa kingamwili kwa njia ya mshipa kwa kipimo cha miligramu 400 kwa kilo husubiri miezi minane, na aliyepewa gramu 2 kwa kilo kutibu ugonjwa wa Kawasaki husubiri miezi 11. Chembe nyekundu zilizosafishwa kwa kuoshwa hazihitaji kusubiri kabisa. Sababu ya kungoja ni kwamba kingamwili za mchangiaji damu huviua virusi vya chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza kupambana navyo. Chanjo haimdhuru, ila inapotea bure, na mzazi anabaki akiamini mwanawe amekingwa. Msamaha wa namna hii una tarehe ya kumalizika inayoweza kuhesabiwa kwenye kalenda siku ile ile damu inapotolewa. Ukiona umeandikwa "wa kudumu", kuna aliyekosea hesabu.

Mzio ndio sababu inayotajwa sana, na ndiyo inayotumiwa vibaya sana. Kinachohesabika ni mzio mkali wa ghafla: mtoto anavimba uso na koo, anapumua kwa shida, shinikizo la damu linaporomoka, ndani ya dakika au saa chache tangu achomwe sindano. Ikitokea hivyo baada ya dozi, au ikijulikana kwamba mtoto huwa hivyo akikutana na kiungo fulani kama jelatini au dawa ya neomisini, basi chanjo yenye kiungo hicho imekoma kwake. Ni tukio la nadra sana, kama kisa kimoja na ushee kwa kila dozi milioni moja. Na hata hapo msamaha unahusu chanjo hiyo na nyingine zenye kiungo kile kile. Asiyeweza kupokea jelatini bado anaweza kupokea chanjo isiyo nayo. Hatua inayofaa ni kumpeleka kwa daktari bingwa wa mzio, kwa sababu mara nyingi vipimo huonyesha kwamba kilichosababisha ni kitu kingine kabisa, na mtoto hurudishwa kwenye ratiba.

Kwa kifaduro kuna kizuizi chake: mtoto aliyepata ugonjwa wa ubongo, kama kupoteza fahamu au degedege refu, ndani ya siku saba baada ya dozi, pasipo sababu nyingine kupatikana. Huyo hapewi tena sehemu ya kifaduro. Haina maana kwamba amekatazwa polio au homa ya ini B.

Sasa tuangalie yasiyostahili. Mzio wa mayai hauzuii chanjo ya surua. Virusi vyake hukuzwa kwenye seli za kiinitete cha kuku, hivyo wazo kwamba ina yai lina chimbuko, lakini protini ya yai inayobaki ni kidogo mno isiyoweza kumdhuru mtoto, na mwongozo umelisema hilo kwa miaka mingi. Upele unaotokea ngozi ikiguswa na neomisini si mzio ule wa ghafla. Pumu, ukurutu, mafua, homa ndogo, dawa za kuua bakteria, kuzaliwa kabla ya wakati, ndugu mwenye usonji, shangazi mwenye ugonjwa wa kinga kushambulia mwili: hakuna hata moja kati ya hayo iliyo kizuizi cha chanjo ya surua. Tofauti katika jeni iitwayo MTHFR, ambayo watu wengi mno wenye afya wanayo, iligeuzwa sababu ya kuandikiwa msamaha ingawa haipo katika mwongozo wowote wa chanjo unaoheshimika.

Degedege linalotokana na homa linastahili maneno zaidi, kwa sababu hofu ya wazazi hapa ni ya kweli. Chanjo ya surua inaweza kuleta homa siku kadhaa baadaye, na homa hiyo huleta degedege kwa mtoto mmoja kati ya 3,000 au 4,000 hivi. Kwa mzazi anayelishuhudia linatisha kupita maelezo. Lakini degedege la homa kwa kawaida hukoma lenyewe na haliachi madhara ya kudumu, na surua halisi huleta homa kali zaidi, pamoja na nimonia na uvimbe wa ubongo. Historia ya degedege katika familia si kizuizi. Inachotaka ni daktari kukaa na mzazi na kumweleza aangalie nini na lini, kazi inayochukua muda kuliko kusaini fomu. Nadhani sehemu ya vyeti vibaya ilizaliwa hapo, pale daktari alipokosa dakika ishirini za kuzungumza.

Kisheria, msamaha huu ulikuwepo kabla hata ya ubishi wa leo. Mwaka 1905 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Jacobson dhidi ya Massachusetts, iliyotokana na faini ya dola 5 aliyotozwa mchungaji wa Cambridge kwa kukataa chanjo ya ndui. Mahakama ililiunga mkono jimbo. Lakini sheria yenyewe ya Massachusetts iliwaacha watoto waliothibitishwa na daktari kuwa hawafai kuchanjwa, na majaji waliweka wazi kwamba hawakusudii mtu ambaye afya yake kwa wakati huo haimruhusu alazimishwe. Mwaka 1922, katika kesi ya Zucht dhidi ya King kutoka San Antonio, Texas, mahakama hiyo hiyo ikakubali shule kumzuia mwanafunzi asiyechanjwa. Hivyo tangu mwanzo wajibu wa kuchanjwa na msamaha wa mgonjwa vimekwenda pamoja.

Swali gumu limekuwa nani aamue. California imetoa jibu kwa njia ya machungu. Baada ya mlipuko wa surua ulioanzia kwenye bustani za Disneyland mwishoni mwa 2014, jimbo hilo lilipitisha mwaka 2015 sheria iitwayo SB 277, iliyofuta misamaha ya imani binafsi. Uliobaki ni msamaha wa kitabibu tu. Lakini ili kupata kura za kutosha, sheria ilimwachia daktari uhuru mpana wa kuamua, ikitaja hata historia ya maradhi katika familia, na hakuna aliyepewa kazi ya kukagua alichoandika. Shule ilipokea barua na kuifungia kwenye faili.

Matokeo yalionekana upesi. Katika mwaka wa masomo 2015–16 watoto wa chekechea wenye msamaha wa kitabibu California walikuwa asilimia 0.2 hivi. Kufikia 2018–19 walikuwa asilimia 0.9. Hakukuwa na ugonjwa mpya uliozuka kati ya miaka hiyo. Kilichozuka ni madaktari wachache waliokubali kuandika vyeti, baadhi yao wakitoza mamia ya dola. Katika wilaya ya shule za San Diego ilibainika kwamba daktari mmoja alikuwa ameandika karibu theluthi ya misamaha yote. Mwaka 2018 bodi ya madaktari ya jimbo ilimweka daktari mwingine wa watoto, mwenye jina kubwa, chini ya uangalizi wa miezi 35 baada ya kumsamehe mtoto wa miaka miwili chanjo zote bila kukusanya taarifa za msingi za afya yake. Kumwadhibu mmoja mmoja hivyo kulichukua miaka, na bodi haikuweza kugusa rekodi za mtoto bila idhini ya mzazi au amri ya kisheria. Mzazi aliyelipia cheti hakuwa akitoa idhini.

Ndiyo maana mwaka 2019 zikaja sheria za SB 276 na SB 714. Tangu Januari 1, 2021, msamaha mpya California haukubaliki shuleni usipotoka kwenye mfumo wa jimbo uitwao CAIR-ME. Utaratibu ni huu. Mzazi hufungua akaunti kwenye tovuti, huandika taarifa za mtoto na shule, na kupata namba ya ombi. Namba hiyo humpelekea daktari aliyesajiliwa California. Daktari huingia kwa akaunti yake na kujaza: chanjo ipi, kwa sababu ipi, ni ya muda au ya kudumu, na kama ni ya muda inaisha lini. Hutamka kwamba amempima mtoto. Kama si yeye daktari wake wa kila siku, hutaja aliye daktari huyo na kueleza kwa nini cheti kinatoka kwake. Haruhusiwi kutoza malipo kwa kujaza fomu wala kwa uchunguzi unaohusu fomu hiyo. Msamaha wa muda hauzidi miezi 12. Ule wa kudumu nao hukoma mtoto anapoingia ngazi nyingine ya shule, yaani chekechea na kisha darasa la saba, na hapo huombwa upya.

Jimbo halikagui kila cheti. Hukagua pale ambapo shule ina kiwango cha chanjo chini ya asilimia 95, pale ambapo shule haijatoa taarifa, na pale ambapo daktari ametoa misamaha mitano au zaidi katika mwaka mmoja. Mkaguzi lazima awe na taaluma ya afya. Akiona sababu hailingani na vigezo vya CDC, ACIP au Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, anaweza kuomba maelezo zaidi, na mwishowe msamaha unaweza kufutwa. Mzazi ana siku 30 za kukata rufaa kwa jopo huru la wataalamu, na mtoto hubaki shuleni rufaa ikisubiriwa. Asipokata, mtoto huanza kupewa chanjo alizokosa ndani ya siku 30.

Wanaosema mfumo huu unamfunga daktari mikono hawajasoma sheria yote. Inamruhusu mkaguzi akubali sababu iliyo nje ya orodha, hata ya historia ya familia, mradi daktari aambatanishe maandishi yanayoonyesha kwamba uamuzi wake unaendana na viwango vya tiba. Daktari mwenye mgonjwa wa nadra anahitaji kurasa mbili za maelezo na majibu ya maabara, vitu ambavyo tayari vimo kwenye faili lake. Asiyeweza kuandika kurasa hizo ndiye aliyekusudiwa na sheria. Binafsi naona kigezo cha misamaha mitano ni kizuri kuliko kinavyosifiwa, kwa sababu kinamtazama mtoaji badala ya kumwandama mzazi. Daktari wa saratani za watoto ataivuka mitano kila mwaka na atapita ukaguzi kwa urahisi. Vyeti vyake vinataja chanjo mbili, dawa na tarehe.

New York ilifuta misamaha ya kidini Juni 2019 na ikabana ule wa kitabibu kwa njia yake: sababu itajwe kwa kila chanjo, ilingane na mwongozo wa kitaifa, na cheti kifanywe upya kila mwaka. Huko somo lilikuwa lingine. Mlango wa msamaha ulipobanwa, udanganyifu ulihamia kwenye kadi za chanjo. Mwaka 2024 jimbo lilimtoza faini ya dola 300,000 mkunga mmoja wa Long Island ambaye aliwapa watoto wapatao 1,500 vidonge vya tiba mbadala na kuingiza kwenye mfumo wa serikali kwamba wamechanjwa. Kwa hesabu ya kinga hilo ni baya kuliko msamaha wa uongo. Mtoto mwenye msamaha anajulikana, na mlipuko ukitokea anaondolewa. Mwenye rekodi ya kughushi anakaa darasani akihesabiwa miongoni mwa walinzi. Jimbo linalokagua misamaha bila kukagua watoaji chanjo wenye takwimu za ajabu limefanya nusu ya kazi.

Nakiri kwamba masharti makali yana gharama, na gharama hiyo huwaangukia wagonjwa halisi pale watu wanapofanya kazi ovyo. Makosa ninayoyaona yakijirudia katika mifumo hii ni machache na yanaepukika. La kwanza ni neno "kinga dhaifu" kuandikwa peke yake. Mkaguzi hawezi kulipima. Anahitaji ugonjwa, dawa, kipimo cha dawa na tarehe ilipoanza. La pili ni daktari wa saratani kusema "asipewe chanjo hai" na karani au daktari wa kawaida kuandika "asipewe chanjo". Kwa mgonjwa hilo ni hatari, maana chanjo zisizo hai anaweza kupewa, na baadhi yake, kama ya nimokokasi, anazihitaji kuliko mtoto mzima. La tatu ni cheti kuisha katikati ya matibabu kwa kuwa hakuna aliyekumbuka tarehe; fomu ya kuongeza muda ianze kujazwa angalau wiki sita kabla.

La nne ndilo linaloniuma zaidi, nalo ni kinyume chake: matibabu yamekwisha miaka mitatu iliyopita, nywele zimeota, mtoto anacheza mpira, na msamaha wake bado uko kwenye faili. Dawa za saratani zinaweza kufuta kinga aliyokuwa nayo tangu utotoni. Aliyepandikizwa uboho huhitaji kuchanjwa upya karibu kila kitu. Mtoto huyu sasa anaweza kukingwa, na hajakingwa, kwa sababu tu karatasi haikuwa na tarehe. Mwaka wa kwanza baada ya tiba mzazi aombe daktari bingwa ratiba iliyoandikwa ya chanjo za kurudia. Kipimo cha damu cha kingamwili za surua kinaweza kusaidia kwa baadhi, lakini si kwa aliyepewa kingamwili za wengine karibuni. Kitasoma za mchangiaji.

Kisha kuna siku ambayo msamaha unapimwa kwa kweli: surua imeingia shuleni. Virusi hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani, na kati ya watu kumi wasio na kinga walio karibu naye, tisa huambukizwa. Mtoto mwenye msamaha huzuiwa kuja shule, kwa kawaida siku 21 tangu siku ya mwisho aliyokutana na mgonjwa. Wazazi wengi huliona hilo kama adhabu, na shule hukosea kwa kutowaeleza mapema, siku ya kupokea cheti. Muhimu zaidi ni saa. Mwenye kinga nzuri aliyekuwa hajachanjwa anaweza kupewa chanjo ndani ya saa 72 tangu kukutana na mgonjwa na pengine akanusurika. Mwenye kinga iliyoporomoka hawezi, ila hupewa kingamwili kwa mshipa, miligramu 400 kwa kila kilo, ndani ya siku sita, hata kama aliwahi kuchanjwa zamani. Siku sita ni chache kama muuguzi wa shule anatumia tatu kupekua makabati. Orodha ya watoto wenye msamaha, ikiwa na aina ya chanjo, sababu, simu ya mzazi na ya daktari, iwe tayari na isasishwe kila muhula.

Hesabu ya shule moja inaonyesha nafasi ilivyo finyu. Chukua wanafunzi 500. Surua hudhibitiwa pale kinga inapofika asilimia 95 hivi, yaani wasio na kinga wasizidi 25. Dozi mbili za chanjo hukinga asilimia 97, kwa hiyo hata kama 475 wamechanjwa kikamilifu, 14 hivi kati yao huenda hawana kinga bila kujua. Wagonjwa wa kweli wanaohitaji msamaha, kwa kiwango cha taifa cha asilimia 0.2, ni mtoto mmoja. Hao 14 pamoja na 25 wasiochanjwa ni 39 hivi, zaidi ya 25 wanaovumilika, na kati ya wasiochanjwa ni huyo mmoja tu mwenye sababu ya kitabibu.

Na wanaokataa kwa hiari ni wengi. Katika mwaka wa masomo 2024–25, watoto wa chekechea wenye msamaha wa angalau chanjo moja nchini Marekani walikuwa asilimia 3.6, wa kitabibu walikuwa 0.2 tu, wengine wote ni wa dini au imani binafsi. Waliokuwa na chanjo ya surua kamili walikuwa asilimia 92.5. Tena wasiochanjwa hawatawanyiki sawasawa. Katika kaunti ya Gaines, magharibi mwa Texas, misamaha ya chekechea ilikuwa karibu asilimia 18 mwaka wa masomo 2023–24. Mwanzoni mwa 2025 surua ililipuka huko, na watoto wawili wa shule ambao hawakuchanjwa walifariki katika jimbo hilo. Septemba mwaka huo huo Los Angeles ikatangaza kifo cha mtoto wa shule aliyeharibika ubongo kutokana na surua aliyoipata akiwa mchanga, kabla ya umri wa kuchanjwa. Mtoto mchanga naye ana msamaha wa aina yake, aliopewa na umri, na hana wa kumtetea isipokuwa kinga ya waliomzunguka.

Pingamizi moja nalipa uzito mkubwa: vigezo vikiandikwa na serikali, serikali inaweza kuviharibu. Juni 2025 Waziri wa Afya wa Marekani, Robert F. Kennedy Jr., aliwaondoa wajumbe wote 17 wa ACIP na kuteua wapya. Jimbo ambalo sheria yake inaitaja ACIP peke yake sasa limefunga hatima ya watoto wake kwenye chombo kinachoweza kubadilishwa kwa siku moja. Dawa yake si kurudi kwenye saini ya daktari bila ukaguzi. Sheria itaje zaidi ya chanzo kimoja, kama California ilivyofanya kwa kuongeza chuo cha madaktari wa watoto, na jopo la rufaa liwe la wataalamu wasioajiriwa na wanasiasa.

Kwa muuguzi wa shule anayeletewa cheti na hajui akipime vipi, kuna swali moja ambalo sheria haikuliandika: ndugu zake je? Msamaha wa kweli hauhamii kwa kaka na dada, isipokuwa kwa muda mfupi pale familia ina upungufu wa kinga wa kurithi na wao hawajapimwa. Wakati wa vyeti vya kununua, watoto watatu wa nyumba moja walikuwa wakileta barua zenye maneno yale yale. Daktari anayemtibu mtoto wa saratani hufanya kinyume: huomba ndugu wote wachanjwe surua na tetekuwanga mapema iwezekanavyo. Virusi vya chanjo ya surua havimwambukizi mgonjwa aliye nyumbani. Vya tetekuwanga mara chache sana vinaweza, endapo aliyechanjwa atatoka vipele. Hapo ndugu hao wawili hutenganishwa hadi vipele vikauke, kisha mambo hurejea kama kawaida.